Kosa la Refa

Kufikia Jumanne asubuhi, jalada la kesi ya refa lilikuwa limenenepa. Maelezo ya mashahidi yalijaa humo, yote yameandikwa na Koplo Mwinyimadi, ambaye mwandiko wake ni mkubwa kama wa bango la mkutano. Inspekta Petronila Ambokile aliyasoma akiwa amesimama, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeazimwa na watu wa zamu. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Koplo," akasema, "katika kesi hii nani alipigwa?"

"Refa, afande. Justin. Yule mwalimu wa hesabu wa Misugusugu."

"Na nani alimpiga?"

"Hilo bado, afande."

"Basi nisomee ulichonacho."

Mwinyimadi akavaa miwani yake. Alikuwa mzee wa kazi, mzaliwa wa Kisarawe, na kila shahidi wa wilaya ile alikuwa ama jirani yake ama shemeji wa jirani yake. "Majeruhi alivaa kaptula fupi. Majeruhi akipuliza filimbi anainua kidole cha mwisho. Majeruhi ana umri wa kuoa na hajaoa. Majeruhi hukimbia kama anakanyaga mayai." Akainua macho. "Hili la mayai wamelisema wengi, afande. Ikabidi niliandike kila lilipokuja."

"Majeruhi tunamjua mpaka kidole. Aliyempiga ni mrefu au mfupi?"

"Hawakusema."

"Uliwauliza?"

Mwinyimadi akavua miwani, akaifuta. "Afande, mimi nimeuliza ilikuwaje. Watu ndio wamejibu hivyo."

"Mtu akija hapa kuripoti kaibiwa kuku, huwa unaandika kwamba kuku alikuwa mnono na akipitapita mbele za watu?"

Mwinyimadi akalifikiria swali lile kwa haki yake. "Inategemea na kuku, afande."

Kilichotokea kilikuwa kifupi. Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa Kwa Mwinshehe, Kisarawe, palichezwa fainali ya Kombe la Mbuzi. Timu ya hapo hapo, Mnanasi, ilikutana na Chuma ya Misugusugu, kutoka Kibaha. Mpira ukiwa unakaribia kwisha refa akawapa Chuma penalti, wakafunga, wakashinda. Filimbi ya mwisho ilipolia, Justin alikwenda kubadili nguo kwenye godauni la korosho lililo pembeni ya uwanja. Humo waliingia watu waliojifunika nyuso kwa jezi, wakampiga kwa mlingoti wa kibendera cha kona, wakamvunja mkono wa kulia. Mbuzi mwenyewe, kwa sababu timu zote mbili zilikuwa zinamdai, alifungwa nyuma ya kituo cha polisi, akisubiri rufaa.

Mkuu wa kituo, Afande Hamidu, alitokeza mlangoni na kikombe cha chai.

"Petronila, hii ni fujo ya mpira. Mashabiki wa Mnanasi walikasirika, hawakutambulika, basi. Lifunge."

"Bado nachunguza, afande."

"Na yule kijana mwenyewe..." Hamidu akashusha sauti. "Unajua."

"Sijui, afande."

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Petronila, bwana."

"Nauliza ili niandike."

"Usiandike."

"Kama haliandikiki, afande, siwezi kulitumia kufungia jalada."

Hamidu akanywa chai yake polepole. "Lisemwalo lipo," akasema. "Kama halipo, laja."

"Dalili ya mvua ni mawingu," akaongeza Mwinyimadi, kwa kuwa si vizuri kumwacha mkubwa na methali moja.

"Mkono haukuvunjwa na methali," akasema Petronila.

"Jioni nataka jalada mezani kwangu," akasema Hamidu. "Na yule mbuzi aondoke. Amekula bango la utii wa sheria."

Jana yake Petronila alikuwa amekwenda Kibaha, hospitalini, kumwona Justin. Alimkuta macho, mkono umefungwa plasta, uso umevimba upande mmoja. Dada yake, Margareth, alikuwa muuguzi wa hospitali hiyo hiyo, naye alisimama kichwani pa kitanda kama askari wa lindo. Walikuwa wangapi? Justin alisema hakumbuki. Walisema nini? Hapo alitazama ukuta kwanza, kisha akasema hakumbuki. Petronila alimwachia namba ya simu Margareth, akaondoka.

Sasa alichukua kofia yake. "Twende uwanjani, koplo."

*

Karibu na godauni la korosho palikuwa na mama mmoja mkaanga mihogo, Mama Hajira. Mashahidi wote walimtaja kwamba alikuwepo, lakini Mwinyimadi hakuwa amemhoji, kwa sababu, alivyoeleza, mama yule ni shemeji yake na humsema sana.

"Shikamoo, mama," akasema Petronila.

"Marahaba, mwanangu. Huyo uliye naye mwambie namwona." Mama Hajira aligeuza mihogo. "Umekuja kwa ajili ya yule kijana. Masikini. Ana adabu, shikamoo haimpiti. Lakini na yeye, mwanangu, kaptula ile."

"Wachezaji walivaa nini, mama?"

"Kaptula."

"Ndefu?"

"Fupi. Si ndiyo nguo yao."

"Kuna mchezaji aliyepigwa?"

"Hakuna." Mama Hajira akasimamisha upawa. Alifikiri. "Basi siyo kaptula," akasema. "Itakuwa kidole."

"Mama, mpira ulipokwisha, mashabiki wa Mnanasi walikwenda wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Baadhi yao?"

"Wote. Mbuzi alikuwa amefungwa goli la kule, mbali na hapa. Wakamzunguka, wakasema haondoki mtu naye. Mzee mmoja akalala chini mbele ya mbuzi, akasema wapite juu ya maiti yake. Wachezaji wa Chuma wanavuta kamba huku, wa kwetu wanashika pembe kule. Mimi mwenyewe niliacha mihogo ikaungua nikaenda kuangalia."

"Hakuna hata mmoja wa Mnanasi aliyebaki huku?"

"Abaki kufanya nini, na mbuzi yuko kule?"

Petronila akamtazama Mwinyimadi. Mwinyimadi akakubali kwa kichwa, kwa uzito. Kwa kuwajua watu wa kwao, aliona ushahidi ule haupingiki.

"Na wa Chuma?" akauliza Petronila. "Nao walikuwa kwa mbuzi wote?"

"Wachezaji wote. Mashabiki wao wachache, hawakuja wengi." Mama Hajira akakunja uso. "Ila yule mkubwa wao, Brighton, mwenye tumbo na vuvuzela, huyo sikumwona. Na ni ajabu, maana tangu asubuhi anatutambia kwamba mbuzi atalala Misugusugu. Kamba yenyewe alikuja nayo yeye, mpya, akituonesha."

"Kamba alikuja nayo yeye, na kwenye kuvuta hakuwepo."

"Nilidhani kachoka. Mtu mnene."

Jabiri, mshika kibendera aliyemkuta Justin, alikuwa kijana wa bodaboda mwenye kijiwe chake mbele ya uwanja. Alikwishahojiwa na Mwinyimadi na alikuwa ameeleza habari za mayai. Petronila alimpeleka ndani ya godauni na kumtaka aoneshe tu.

"Alikuwa hapa, afande. Amekaa, ameegemea magunia. Aliniita kwa jina, sauti ya kawaida kabisa, kama anataka maji. Viatu vyake vimetupwa kule mlangoni."

"Alikuwa peku?"

"Hapana, soksi alikuwa nazo."

"Zilikuwaje?"

Jabiri akacheka kidogo. "Soksi za refa, afande. Nyeusi, ndefu."

"Nauliza zilikaaje mguuni."

Kijana akaacha kucheka. "Kweli, bwana. Ya kulia ilikuwa kituko. Kisigino kimekaa juu, hapa, usawa wa kamba za kiatu. Tena imevaliwa ndani nje, nyuzi zinaonekana. Na Justin siyo mtu wa hivyo. Yule soksi zake anazipima zilingane, tunamchekaga."

"Kabla ya mechi zilikuwa sawa?"

"Sawa kabisa. Alikuja nazo mguuni tayari, tukavaa viatu pamoja humu."

Petronila akatazama mlangoni, mahali vilipotupwa viatu, halafu magunia. "Kwa hiyo viatu vilivuliwa na soksi zikavuliwa. Halafu soksi zikavaliwa tena, vibaya, na viatu vikaachwa."

"Wapigaji walimvisha soksi?" akauliza Mwinyimadi.

"Umeshawahi kupata wapigaji wa namna hiyo katika miaka yako yote ya kazi?"

"Hapana, afande."

"Basi alijivisha."

Mwinyimadi hakuelewa kwa nini mtu avae soksi katika hali ile, akasema hivyo. Petronila alisema na yeye bado hajaelewa. Kisha akapiga simu kwa wenzao wa Kibaha kuwaarifu kwamba anaingia eneo lao, na wakaondoka na gari la kituo, ambalo huegeshwa juu ya kilima ili liwake kwa kuteremka.

*

Brighton alikuwa na duka la mabati kando ya barabara kuu, Misugusugu. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawatoa vumbi kwenye viti, akaagiza soda kabla hawajakataa.

"Nimeumia sana, Inspekta," akasema. "Justin ni ndugu yangu. Nimesoma naye tangu kidato cha kwanza, bweni moja."

"Mlikuwa marafiki?"

"Tulikuwa tunamtania tu. Mambo ya shule."

"Mlimtaniaje?"

"Aa, vitu vya kawaida. Kumwagia maji kitandani. Kumfungia chooni usiku kucha. Utoto."

"Yeye alikuwa anacheka?"

"Yule?" Brighton akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Yule hana utani hata kidogo. Ndiyo tabu yake."

Mwinyimadi akanywa soda. Petronila aliacha yake juu ya kaunta.

"Wewe unadhani nani walimpiga?"

"Mnanasi, nani mwingine? Watu wa Kisarawe hawajui kushindwa. Samahani, koplo. Mimi sitetei, ule ni unyama. Lakini tuwe wakweli, Inspekta, sisi ni watu wazima. Na yeye ana sehemu yake. Mtu unajua wewe uko vile, watu wanakusema tangu shule. Si utulie? Wewe unakwenda kusimama katikati ya uwanja na filimbi. Halafu refa mzima, mtu wa kutazamwa na umma, unapaka rangi kucha za miguu. Zambarau! Unategemea nini?"

Mwinyimadi alikuwa amefungua kinywa kuitikia, maana hoja ilikuwa inakwenda njia aliyoizoea. Akakifunga.

"Zambarau," akasema Petronila.

"Ile inayong'aa."

"Naomba nipige simu nje kidogo."

Margareth alipokea haraka. Petronila alimuuliza kama siku ile alipopokelewa hospitalini, kucha za miguu za kaka yake zilikuwa na rangi.

"Inspekta, kesi ni ya mkono," akasema Margareth.

"Ndiyo. Nauliza miguu ili nimpate aliyevunja mkono."

"Nani amekuambia habari za kucha?"

"Mtu ambaye hakupaswa kujua. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nilikuwa zamu. Nilifunga pazia nikamvua soksi mwenyewe, nikafuta ile rangi hapo hapo, nilikuwa na asetoni kwenye mkoba. Daktari alipokuja miguu ilikuwa safi. Mama yetu mwenyewe hajui."

"Soksi moja ilikuwa imegeuzwa."

Margareth akavuta pumzi. "Walimvua ili wamcheke. Walipoondoka alizivaa kwanza, ndipo akaita mtu. Alijua watakachosema wakiziona. Mkono umevunjika, Inspekta, na yeye anahangaika na soksi kwa mkono wa kushoto."

Petronila akamshukuru. Mwinyimadi alikuwa ametoka na chupa yake, na Petronila akamweleza kwa sauti ndogo alichoambiwa.

"Kwa mkono mmoja?" akauliza Mwinyimadi.

"Wa kushoto."

"Soksi zile ndefu? Mimi na mikono yangu miwili namwitaga mke wangu."

Akaiweka chupa chini kwenye kizingiti. Akavua kofia, akaitazama kwa ndani kama mtu aliyeficha kitu humo, akaivaa tena sawasawa.

"Afande, naomba huyu nimhoji mimi."

"Mhoji."

Mwinyimadi alirudi ndani, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribiana na ya Brighton.

"Bwana Brighton. Jumapili ulivaa nini?"

"Jezi. Jezi ya Chuma."

"Ilikubana?"

"Eti?"

"Mwili huu na jezi ile. Ilikubana au haikukubana?"

"Ilibana kidogo."

"Uliivaa ukijua inakubana?"

Brighton akamtazama Petronila. Petronila alikuwa anasoma bei za mabati ukutani.

"Mashahidi wanasema ulipiga kelele tangu asubuhi," akaendelea Mwinyimadi. "Mtu mzima, una mke, una watoto, umetoka Misugusugu na vuvuzela kwenda kupiga kelele kwa watu. Ulitegemea nini?"

"Koplo, huo ni ushabiki tu."

"Unatembeaje?"

"Natembeaje vipi?"

"Simama tukuone. Kutoka hapo mpaka kwenye misumari."

Brighton akasimama. Akatembea mpaka kwenye misumari na kurudi, na kwa sababu alikuwa anatazamwa alitembea vibaya sana, mikono haijui ikae wapi. Mteja aliyekuwa anaingia akabadili nia.

"Mbona mnanichunguza mimi?" akauliza Brighton. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Ndiyo, tumechelewa kidogo," akasema Petronila. Akaacha bei za mabati. "Kaa. Mbuzi alipokuwa anagombewa ulikuwa wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Kamba ilikuwa yako. Nani alikuwa ameishika?"

Brighton akafikiri. "Tulikuwa tunapokezana."

"Wachezaji wako ni ishirini na kitu, wote tutawauliza. Tuiache kamba. Ulizionaje kucha za Justin?"

"Uwanjani pale."

"Refa anavaa soksi mpaka magotini, na viatu juu yake. Koplo hapa ana mashahidi waliomchunguza yule kijana mpaka kidole cha mkono. Wametaja kaptula, wametaja mwendo, wametaja kwamba hajaoa. Hakuna hata mmoja aliyetaja kucha. Unadhani wangeziona wangenyamaza?"

"Hawa?" akasema Mwinyimadi. "Wangeziimba."

"Nilisikia kwa watu," akasema Brighton.

"Mtaje mmoja."

Brighton akafungua kinywa. Macho yake yalipita kwenye mabati, kwenye ndoo za rangi, yakarudi. Hakumpata.

"Hospitalini aliziona mtu mmoja, naye alizifuta," akasema Petronila. "Waliobaki ni waliomvua viatu. Na kuna jambo jingine linanisumbua. Unasema alipigwa kwa sababu ya kucha. Kucha zilikuwa ndani ya soksi, soksi ndani ya viatu. Mpaka mtu azione, ni lazima awe ameshampiga yule kijana akamlaza chini. Sasa hiyo ni sababu gani inayokuja nyuma ya kosa?"

"Mvua imetangulia mawingu," akasema Mwinyimadi.

Magari yalipita barabarani. Brighton aliegemea kaunta, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya mtu anayelalamika kwa wakubwa.

"Walitucheka, afande. Tumeshinda fainali, tumeshinda, halafu uwanja mzima wa Kisarawe unaimba kwamba penalti tumepewa na shoga yetu. Mimi ndiye niliyesoma naye. Wananinyooshea vidole mimi. Ushindi gani huo? Hata mbuzi sikumtaka tena."

"Penalti ilikuwa halali?"

"Halali kabisa. Beki alimvuta mtu wetu mpaka jezi ikachanika."

"Kwa hiyo refa aliona sawasawa."

"Aliona sawasawa."

"Na mkamvunja mkono."

"Mkono haukuwa kwenye mpango," akasema Brighton. "Angelala tu akatulia. Yeye akakinga."

"Hata kukinga ni kosa lake," akasema Mwinyimadi, akatoa pingu.

Brighton aliwataja wenzake wawili bila kuulizwa, majina na mahali wanapokaa, na mpaka wanafika kwenye gari alikuwa ameshaeleza jinsi kila mmoja wao alivyomponza.

*

Njiani kuelekea hospitalini Hamidu alipiga simu.

"Umelifunga?"

"Tumemkamata mtu, afande. Wa Chuma. Amekiri mbele yetu, na wenzake wawili polisi wa Kibaha wanawafuata."

"Wa Chuma? Lakini wao ndio walioshinda."

"Ndiyo, afande."

"Mahakamani atasema alichokozwa."

"Atasema. Nataka nifike kabla hajapata wa kumfundisha namna ya kusema."

Hamidu akapumua kwenye simu. Petronila alimsikia akivuta kiti. "Basi lete jalada likiwa limekamilika," akasema, kwa sauti ya mtu anayesogeza mzigo mabegani. "Na mbuzi?"

"Mbuzi ni wa Chuma. Penalti ilikuwa halali."

Walimwacha Brighton garini na askari wa Kibaha, wakapanda wodini. Margareth aliwapokea mlangoni, akasema mama na shangazi wametoka muda si mrefu, na mchungaji alikuwepo tangu asubuhi. Justin alikuwa ameinuliwa kwa mito. Uvimbe ulikuwa umeshuka na uso wake ulionekana ulivyo, mwembamba, wa mtu anayependa vitu vikae mahali pake.

"Pole, mwalimu," akasema Mwinyimadi. Alibaki karibu na mlango, kofia mkononi.

"Tumemkamata Brighton," akasema Petronila.

Justin hakushtuka. Alitazama plasta yake. "Amekubali?"

"Kwetu amekubali. Mahakamani anaweza kukana. Nahitaji maelezo yako."

"Wataniuliza mambo."

"Watakuuliza."

"Wewe hujaniuliza."

"Nini?"

"Unajua ni nini."

"Mezani kwangu kuna kesi ya mkono uliovunjwa," akasema Petronila. "Mwenye mkono ni wewe, na aliyeuvunja yuko chini garini. Sina kesi nyingine na sitafuti nyingine. Lakini sikudanganyi. Wakili wake anaweza kuuliza, na mimi sitakuwa na uwezo wa kumziba mdomo. Ukikataa kusema, nitakwenda na soksi na kamba ya mbuzi. Huenda zikatosha, huenda zisitoshe. Uamuzi ni wako, na sitakulaumu."

Margareth akasogea, akaweka mkono kwenye mto. Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja alikuwa anasikiliza redio ndogo, akaizima, kwa heshima au kwa kutaka kusikia vizuri.

"Alinipaka binti wa Margareth," akasema Justin. "Anajifunza, anapaka kila mtu. Ningeweza kuifuta siku ile ile. Sikuifuta. Nilivaa soksi juu yake nikaenda zangu kazini." Akatazama vidole vya miguu chini ya shuka. "Zilikuwa zimependeza."

Mwinyimadi akakohoa.

"Zambarau ni rangi nzuri," akasema, akitazama dirishani. "Nyumba yangu nimeipaka hiyo."

Justin akacheka, mbavu zikamuuma, akaacha. Alipopata pumzi akamgeukia Petronila.

"Nilimjua tangu mwanzo. Kabla hajanigusa. Jezi ilikuwa usoni lakini sauti ilikuwa ile ile ya bwenini."

"Jana uliniambia hukumbuki."

"Jana kabla yako alikuja mama. Akalia, akaniuliza nilifanya nini. Akaja shangazi, akauliza nilifanya nini. Mchungaji akaniombea vizuri sana, akasema amina, akauliza nilifanya nini. Watu wengi hivyo, watu wanaonipenda. Nikaona lazima kipo. Ukaondoka wewe nikalala hapa nikairudia mechi yote kichwani, mwanzo mpaka mwisho, natafuta nilipokosea."

"Ukapata?"

"Nilipata. Kipindi cha kwanza. Mshambuliaji wa Mnanasi hakuwa ameotea. Nilipuliza, na hakuwa ameotea."

"Lingine?" akauliza Petronila.

"Nimetafuta usiku kucha," akasema Justin. "Lingine sikuliona."

Akajiinua kwa mkono wa kushoto, Margareth akamsaidia kwa nyuma. Mwinyimadi alikuja mpaka kitandani, akavuta stuli, akavaa miwani na kuweka karatasi mpya juu ya goti.

"Nianze na nini, mwalimu?" akauliza.

"Anza na jina lake," akasema Justin.